Mungu Amekufa, au Tumefiwa? Kitenzi cha Kifo katika Kiswahili na Teolojia ya Kifo cha Mungu



1.0 Utangulizi

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kutoa mhadhara huu. Mada yangu ni sentensi ya maneno mawili: Mungu amekufa. Kwa kawaida sentensi hii huachiwa wanateolojia na wanafalsafa. Mimi ni mwanaisimu, na sidai kuwa na ujuzi wao. Ninachodai ni kwamba kauli hiyo, kabla ya kuwa fundisho, ni sentensi. Ina nomino, ina kitenzi, ina kiambishi cha hali. Na inapohamishwa kutoka lugha moja kwenda nyingine haifiki na mizigo yote iliyoondoka nayo.

Hoja yangu ni hii. Kauli ya Ulaya kuhusu kifo cha Mungu imefumbata madai kadhaa yaliyo tofauti, na sarufi ya Kiswahili humlazimisha msemaji ayatenganishe. Akishayatenganisha, atagundua kwamba dai lenye uzito mkubwa zaidi kwetu halisemwi vizuri kwa kitenzi kufa. Linasemwa vizuri kwa kitenzi kufiwa.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Wapo vijana wetu, katika seminari na katika vyuo vikuu, wanaokutana na sentensi hii kwa Kiingereza, wakaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakarudi nyumbani bila lugha ya kumweleza mama, padri au shehe kilichotokea mioyoni mwao. Lugha ya kijiji huwapa majina machache tu: mkana Mungu, kafiri, mpagani. Majina hayo ni hukumu. Hayaelezi hali ya mtu.

2.0 Sentensi ilikotoka

Watu wengi huihusisha kauli hii na Friedrich Nietzsche, aliyeitia kinywani mwa mwendawazimu sokoni katika kitabu chake cha mwaka 1882. Lakini kauli yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1641 mchungaji wa Kilutheri Johann Rist alitunga wimbo wa Ijumaa Kuu uliothubutu kukitaja kifo cha Mungu mwenyewe, na mwaka 1802 Hegel aliitumia kauli hiyo katika maandishi yake kuhusu imani na ujuzi. Kwa hiyo sentensi hii ilizaliwa kanisani, mbele ya msalaba, kabla ya kutoka nje na kuwa silaha ya wapinzani wa kanisa.

Katika karne ya 20 ilirudi kanisani. Gabriel Vahanian aliandika mwaka 1961 kuhusu kifo cha Mungu katika utamaduni wa Magharibi. Paul van Buren alifuata mwaka 1963. Mwaka 1966 Thomas Altizer na William Hamilton walitoa kitabu cha pamoja kuhusu teolojia ya kifo cha Mungu, na tarehe 8 Aprili mwaka huohuo jarida la Time la Marekani likachapisha jalada jeusi lisilo na picha, lenye swali tu: je, Mungu amekufa?

Wanazuoni hawa huwekwa katika kapu moja, ilhali hawakusema jambo moja. Nietzsche alidai kwamba sisi ndio wauaji. Vahanian hakudai kwamba Mungu mwenyewe amekoma; alidai kwamba utamaduni wa watu wa Magharibi umepoteza njia ya kumfikia. Van Buren alilitazama neno lenyewe, akaona kwamba limebaki bila maana inayoweza kuthibitishwa. Altizer alidai kwamba Mungu alijimimina ndani ya Kristo, akafa kweli, mara moja, katika historia. Hamilton alizungumzia zaidi hali ya mwanadamu aliyeachwa, anayeishi na upungufu huo huku akingoja. Kauli moja ya Kiingereza imewabeba wote. Tutaona kwamba Kiswahili hakiwezi kuwabeba wote kwa pamoja.

3.0 Kwa nini Ntalikwa

Sentensi haipimwi maktabani peke yake. Hupimwa penye watu wanaosema. Hivyo basi, naomba tuichukue hii tuipeleke Ntalikwa, kata ya Manispaa ya Tabora. Siichagui kwa kuwa ina jambo la ajabu. Naichagua kwa kuwa iko katika eneo ambalo kwa karne moja na nusu maneno ya dini yamekuwa yakifika kwa miguu na kukuta maneno mengine yametangulia.

Tabora, yaani Unyanyembe ya zamani, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo, kabla njia hazijagawanyika kwenda Ujiji na kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiwa wamekwisha kujenga. Pamoja na nguo na shanga, njia ile ilipitisha Kiswahili, na ndani ya Kiswahili jina Mwenyezi Mungu. Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London walianza kazi Urambo, kwa Mtemi Mirambo, na baadaye Wamoraviani wakairithi kazi hiyo. Karibu na mji ipo Seminari Kuu ya Kipalapala, ambayo tangu miaka ya 1920 imewaandaa mapadri wengi wa nchi hii.

Maneno hayo yaliwakuta Wanyamwezi wakiwa na majina yao. Watafiti wa utamaduni wa Wanyamwezi wameyaandika majina manne yatumiwayo kwa Mkuu wa vyote: Likube, Limatunda, Limi na Liwelelo. Limatunda hufasiriwa kuwa Muumba. Limi ni jua. Liwelelo ni ulimwengu. Hakuombwa moja kwa moja kila siku. Shughuli za kila siku zilikuwa na mizimu, na vibanda vidogo vilijengwa kwa ajili yao.

Mwanaisimu anaona mambo mawili hapa. Kwanza, majina mawili kati ya hayo ni ya vitu ambavyo lugha haiviambatanishi na kifo kwa urahisi. Jua hutua, halifi. Pili, tutazame maneno Mungu na mzimu katika Kiswahili. Mungu ana upatanisho wa kiumbe hai: Mungu anajua, Mungu amependa. Lakini wingi wake si *wungu, ni miungu. Mzimu nao, wingi wake ni mizimu. Kimofolojia maneno yote mawili yamo katika ngeli ya mti na miti, pamoja na mto, moyo na mwaka. Mtu akiwa hai, yumo katika ngeli ya watu. Akifa na kuwa mzimu, umbo la neno linamhamishia katika ngeli nyingine. Hakutoka katika sarufi, wala hakutoka katika ukoo. Bado anaweza kukasirika, bado anadai haki yake.

Katika jamii yenye mawazo hayo, kusema kwamba fulani amekufa hakumaanishi kwamba habari zake zimekwisha. Mara nyingi ndiyo kwanza zinaanza. Mzee wa Ntalikwa akiambiwa kwamba Mungu amekufa, na akakubali kuichukua kauli hiyo kwa uzito, swali lake la kwanza huenda lisiwe la Nietzsche. Huenda akauliza: alizikwa na nani, na nani amerithi?

4.0 Amekufa, hajafa, hafi

Tuje sasa kwenye kitenzi. Kiswahili kina visawe vingi vya kufa, lakini tukivijaribu kwa Mungu vinakataa. Kufariki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuachana. Anayefariki ametuacha akaenda. Kuaga dunia ni vivyo hivyo. Kutangulia mbele ya haki ni kwenda kwake huyohuyo Mungu. Hatuwezi kusema kwamba Mungu ametangulia mbele ya haki bila wasikilizaji kucheka. Adabu zote za msiba zinamchukulia Mungu kuwa ndiye mwenyeji wa marehemu. Linabaki neno kufa peke yake, likiwa tupu.

Neno hilo likitumiwa, kiambishi cha njeo au hali kinaamua mambo. Alikufa ni tukio lililopita. Laweza kufuatwa na tukio jingine. Mkristo husema kwamba Yesu alikufa, kisha akafufuka, na simulizi inaendelea. Amekufa ni tukio ambalo matokeo yake yangali yanasimama wakati wa kusema. Mkristo wa Ntalikwa atasema Yesu alikufa bila kusita; hatasema Yesu amekufa, isipokuwa anasimulia Ijumaa Kuu kana kwamba iko mbele yake. Tofauti kati ya imani ya Pasaka na teolojia ya Altizer inakaa katika silabi moja: -li- au -me-.

Ukanushi unafundisha zaidi. Mwumini anayetaka kuipinga sentensi amekufa hutamani kutumia kinyume chake cha kisarufi, ambacho ni hajafa. Lakini kiambishi -ja- kina mtego. Hajafa ni bado hajafa. Kinaacha mlango wazi kwamba siku moja atakufa. Anayemtetea Mungu kwa kusema hajafa amekwisha kumhesabu miongoni mwa wanaokufa. Jibu halisi la mwumini ni hafi, lenye hali ya mazoea isiyo na mwisho. Mwislamu wa Tabora hana taabu hapa, kwani Uhai ni mojawapo ya sifa za Mwenyezi Mungu, na aliye Hai hafi.

Nadhani hii ndiyo sababu mjadala wa kifo cha Mungu, kwa Kiswahili, umekwisha kufanyika nchini mwetu, ingawa haukuitwa hivyo. Katika miaka ya 1980 na 1990 miji mingi ya Tanzania ilishuhudia mihadhara ya mlingano wa dini. Wahubiri wa Kiislamu walisoma Biblia hadharani na kuuliza: kama Yesu ni Mungu, na Yesu alikufa, je, Mungu alikufa? Na siku zile za kaburini nani aliutunza ulimwengu? Wengi wetu tuliyachukulia maswali hayo kuwa ni uchokozi wa viwanjani. Kwa hakika ni maswali ya kale ya kanisa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulithibitisha kwamba yule aliyesulubiwa katika mwili ni mmoja wa Utatu. Mhubiri wa kiwanjani alikuwa ameligusa fundo lilelile. Wasikilizaji wa Kikristo waliojibu kwa hasira badala ya kujibu kwa fikra hawakukosa imani. Walikosa kufundishwa jambo hilo kwa lugha waliyoulizwa.

Zipo kauli nyingine mbili ambazo Kiswahili huziweka mbali na kifo. Hakuna Mungu ni kauli ya asiyeamini kwamba aliwahi kuwapo. Mungu hayupo, kwa kiambishi chake cha mahali, yaweza kuwa kauli ya anayeamini kwamba yuko, ila si hapa. Asiyekuwapo kamwe hawezi kufa. Aliye safarini hajafa. Kwa hiyo anayesema Mungu amekufa si mkana Mungu wa kawaida. Anakiri kwamba alikuwapo.

Tena kufa si kwa viumbe tu. Saa hufa, soko hufa, lugha hufa, na njia hufa. Njia ya misafara iliyopita Unyanyembe ilikufa. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi walikuwa hawahitajiki tena kama zamani. Njia haikuuawa na mtu. Ilikufa kwa kukosa wapitaji, huku Tabora na Bagamoyo zikiendelea kuwapo pale pale. Hili ndilo dai la Vahanian likisemwa kwa Kiswahili: si mwenye nyumba aliyekufa, ni njia ya kwenda kwake. Dai la van Buren nalo ni kwamba neno limekufa. Na la Nietzsche halitaki kufa kabisa. Linataka kuua, kitenzi kinachodai mtenda.

5.0 Kufia na kufiwa

Nimefika kwenye kiini cha mhadhara. Kitenzi kufa kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea hutoa kufia, na kauli hii ina nyuso mbili. Yesu alitufia msalabani: alikufa kwa faida yetu. Ng'ombe wamemfia: wamekufa kwa hasara yake. Kiambishi ni kilekile kimoja, na muktadha ndio unaoamua kama kifo kilikuwa zawadi au pigo.

Tukisema Mungu ametufia, je, ni kwa faida yetu au kwa hasara yetu? Sarufi haijibu. Neno moja limewaweka Rist na Nietzsche katika chumba kimoja: mmoja anaimba wokovu, mwingine analia hasara, na wote wawili wanaweza kulitumia bila kubadili hata herufi.

Kauli hiyo ikitiwa katika hali ya kutendwa tunapata kufiwa. Hapa Kiswahili kinafanya jambo ambalo si kila lugha hulifanya kwa kitenzi cha kifo. Aliyekufa anaondolewa kwenye nafasi ya kiima, na nafasi hiyo anapewa aliyebaki: Fulani amefiwa na baba yake. Sentensi haisemi tena habari za marehemu. Inasema habari za aliye hai, na inamkabidhi hadhi. Mfiwa ni cheo. Mfiwa hulaliwa matangani, hupikiwa, husamehewa maneno yake, na hapo hapo ana wajibu: azike, apokee tanzia za watu, aamue mambo ya mirathi.

Historia ya Tabora ina mfano wake. David Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873, mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, Chuma na Susi wakiongoza, waliubeba mwili wake hadi Kwihara, jirani na Tabora, wakamkuta huko Luteni Cameron. Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea nao hadi pwani. Kwa Cameron, Livingstone alikuwa amekufa. Chuma na Susi walikuwa wamefiwa. Vitenzi hivyo viwili havikuleta uamuzi mmoja.

Kwa msingi huo napendekeza kwamba kauli yenye uzito zaidi katika teolojia hii, ile iliyo karibu na Hamilton, itafsiriwe: Tumefiwa na Mungu. Haidai kujua kilichompata Mungu. Inaeleza kilichotupata sisi. Nayo inamtaka msikilizaji afanye kile ambacho kila mtu wa Ntalikwa anajua kukifanya akisikia neno kufiwa: aje akae naye.

6.0 Mungu kama mfiwa

Fasihi yetu imekwisha kupiga hatua moja zaidi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akafariki Januari 2020. Katika Kichwamaji (1974) mhusika mkuu, Kazimoto, anaishia kujiua. Wahakiki wengi wamezoea kumsoma mwandishi huyu kama mwangwi wa udhanaishi wa Ulaya, na riwaya zake fupi Nagona (1990) na Mzingile (1991) kama Nietzsche aliyevaa kanzu.

Mimi nasema usomaji huo haujautazama msiba uliomo katika Mzingile. Msimulizi anatumwa kwa mzee aishiye mbali na watu, ambaye wahakiki wengi wamemtambua kuwa ni Mungu, kumpasha habari kwamba mwanawe amekufa. Tuangalie nani ni nani katika sentensi hiyo. Mzee si marehemu. Mzee ni mfiwa. Mwanadamu ndiye mbeba tanzia, na Mungu ndiye anayepaswa kupewa pole.

Jürgen Moltmann, mwanateolojia wa Ujerumani, alitoa hoja iliyo karibu na hii mwaka 1972 katika kitabu chake kuhusu Mungu aliyesulubiwa: kwamba msalabani Mwana anateseka kufa, na Baba anateseka kwa kumpoteza Mwana. Sina haja ya kudai kwamba Kezilahabi alimfuata Moltmann. Mtu aliyekulia katika lugha yenye kitenzi kufiwa, na katika jamii za ziwa na bara ambako kupeleka habari ya kifo ni kazi nzito inayopewa mtu maalumu, ana njia yake mwenyewe ya kufika hapo. Nanyi wanafunzi wa fasihi mnajua kwamba neno tanzia lina maana mbili: tangazo la kifo, na tamthilia yenye mwisho wa majonzi. Mzingile ni tanzia kwa maana zote mbili.

7.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza ni la wanaisimu: sarufi haimfungi mtu fikra. Nakubali. Mjerumani anaweza kuomboleza, na Mswahili anaweza kukana. Sisemi kwamba lugha huamua tunachoweza kufikiri. Nasema kwamba huamua tunacholazimika kukitaja. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuitamka sentensi hii bila kuchagua kati ya -li- na -me-, na uchaguzi huo ni wa kiteolojia.

Pingamizi la pili ni la waumini. Watasema kwamba kumpa Mungu cheo cha mfiwa ni kumshusha, na kwa Mwislamu hoja nzima haina mahali pa kukaa. Hapo sina neno la kuongeza juu ya jibu lake mwenyewe: hafi. Kwa Mkristo nasema tu kwamba anayekiri kuwa Baba alimtoa Mwana amekwisha kukiri jambo zito. Kitenzi changu hakikuliongeza, kimelitaja.

8.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, Tabora ina wachapishaji, ina seminari, ina wasemaji. TMP Book Department ya Tabora imechapisha vitabu vingi vya dini kwa Kiswahili. Kinachopungua ni mijadala ya falsafa na teolojia inayoanza katika Kiswahili, badala ya kuingizwa humo ikiwa imekwisha kumalizika kwingine. Natoa rai tatu. Kwanza, waandaaji wa istilahi wasitosheke na kifo cha Mungu kama jina la jumla; watofautishe madai yaliyomo. Pili, idara za fasihi na za falsafa zimsome Kezilahabi pamoja, kila moja ikileta zana zake. Tatu, mihadhara ya mlingano wa dini ichunguzwe kama matini za kitaaluma, kwani ndimo Watanzania walimobishania swali hili kwa lugha yao.

Na kijana anayerudi Ntalikwa akiwa hawezi tena kusali kama alivyosali utotoni, asilazimike kuchagua kati ya kunyamaza na kuitwa kafiri. Aseme kwamba amefiwa. Neno hilo halithibitishi kwamba Mungu amekufa, wala kwamba yuko hai. Linatosha kuwafanya walio nyumbani wamvutie kiti.